Siku Tisa Ndani ya Haisi na Mchumba na Wifi, Bagamoyo Mpaka Cheyo

Tangu niposti ile picha ya haisi nyeupe imepaki chini ya miembe Tabora, meseji zimejaa swali moja tu: "Dada, hiyo kampavani mlikodi bei gani?" Bei nimeiweka huko chini, msiwe na haraka. Ila kuna swali ambalo hakuna hata mmoja aliyeniuliza, na ndilo lililokuwa la maana kuliko yote: watu watatu mkiishi ndani ya gari siku tisa, maji anachota nani?

Msicheke. Kwangu mimi swali hilo ndilo lililoamua kama naolewa au siolewi.

Tuanze mwanzo. Mchumba wangu (jina nalihifadhi, akitaka umaarufu atautafuta mwenyewe) ni Mzaramo wa Bagamoyo, kazi yake ofisini, kiyoyozi asubuhi mpaka jioni. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora mjini, nimelelewa na Bibi yangu mzaa baba pale Cheyo. Usiku wa Idi akanitamkia kwamba anataka kunioa. Nikamwambia sawa, nimesikia, ila jibu langu utalipata Tabora, kwanza Bibi akuone. Baba yangu ametangulia mbele za haki. Barua ya posa inapokelewa na baba mkubwa, lakini kwetu baba mkubwa hafungui bahasha mpaka Bibi aseme fungua.

Kwenda Tabora kwa kawaida wala si stori. Unapanda basi Dar alfajiri, usiku uko Tabora na miguu imevimba. Au unachukua treni ya SGR, chini ya saa nne uko Dodoma, halafu unaunganisha basi. Lakini yeye akaja na wazo lake: "Kwetu na kwenu ni ncha mbili za barabara moja. Kwa nini tusiipite yote, taratibu, tukilala njiani?"

Na kweli, ukitazama historia, Bagamoyo na Tabora ni mlango wa mbele na sebule ya nyumba ileile. Karne ya 19 misafara mingi mikubwa ya pembe za ndovu ilipita hapo: Bagamoyo, Ugogo, Tabora, halafu Ujiji. Neno lenyewe "safari" ambalo leo dunia nzima inalitumia, lilisambaa na watu wa njia hizi. Nikanogewa na wazo.

Kabla hamjaanza kunihukumu: hatukwenda wawili. Mama yake aliposikia tu neno "kulala njiani" akatoa sharti, mdogo wake wa kike aongozane nasi. Wanawake ndani ya gari, kaka nje kwenye hema. Kwa hiyo fikiria hali yangu. Naenda kumpima mchumba, huku wifi yangu, mwanafunzi wa chuo, simu mkononi saa 24, naamini kabisa ametumwa kunipima mimi.

Gari la picha

Kuna wapenzi wawili maarufu hapa mjini, siwataji, wenyewe mnawajua. Mwaka jana walitutesa na picha: gari la kulala limepaki ufukweni, pazia jeupe linapepea, dada kashika kikombe cha chai, kaka anapiga gitaa. Maelezo chini: wiki nzima barabarani, hatuna shida na mtu. Na mimi nililaiki, sikatai.

Sasa nakwenda kukodi gari, nakuta ni lilelile! Nikalitambua kwa zile taa ndogo za rangi zilizozungushwa dirishani. Nikamuuliza mwenye gari, hawa walikaa nalo wiki nzima? Akacheka mpaka akashika boneti. "Wiki gani dada yangu? Saa tatu! Walipiga picha, wakabadilisha nguo mara nne, jioni wakalirudisha. Walilala hotelini."

Basi ndiyo ujue. Lenyewe ni haisi iliyong'olewa viti vya nyuma, ikatengenezewa kitanda cha mbao, godoro la inchi nne, droo za vyombo chini ya kitanda, jiko la mtungi mdogo wa gesi, madumu mawili ya lita 20 na ndoo yenye mfuniko. Choo hakuna. Bafu hakuna. Kwenye picha kikombe cha chai kinaonekana, aliyechota maji ya chai haonekani.

Bagamoyo: utamu wa siku mbili

Siku mbili za kwanza tulipaki Bagamoyo, uani kwa ndugu yao karibu na bahari. Hizi ndizo picha nzuri mlizoziona. Asubuhi upepo wa bahari, ngalawa zinarudi, samaki wa kukaanga na chapati. Tulitembelea Caravan Serai, pale misafara ilipokuwa ikifikia, tukaenda na misheni ya Wakatoliki kwenye ule mnara uliohifadhi mwili wa Livingstone Februari 1874. Watu wanamkumbuka Livingstone. Lakini mwili ule haukutembea wenyewe. Ulibebwa na akina Chuma na Susi na wenzao kutoka nchi inayoitwa Zambia leo, kwa miguu, wakapita Tabora, mpaka pwani. Wanaume na wanawake.

Nikiwa nasikiliza hayo, kichwani nilikuwa nafanya hesabu nyingine. Kwa siku mbili maji nimechota mimi na wifi. Chai nimepika mimi. Vyombo kaosha wifi. Ile ndoo ya usiku, asubuhi nimeimwaga mimi. Mchumba? Kapiga picha 200, kapanga njia kwenye ramani, na akija kwenye kiti cha kukunja anakaa anasubiri chai. Nikasema moyoni, labda ni kwa sababu bado tuko kwao. Tuone barabarani.

Hongo ya kisasa

Siku ya tatu tukatoka. Bagamoyo mpaka Msata ni kilomita 64, kisha Chalinze, kisha Morogoro. Usiku tukalala kwenye sheli pembeni ya malori. Hapo ndipo nilipojua kanuni ya kwanza ya kuishi ndani ya gari Tanzania: hulali mahali, unalala kwa mtu. Lazima kuna mtu atakayekwambia "pakini hapo" na atakuwa macho wewe ukilala. Mlinzi wa sheli tulimpa elfu tano na soda, akatuonyesha bomba na choo, akamfukuza na mlevi mmoja aliyekuja kugonga dirisha.

Mchumba akaita ile elfu tano "hongo", kwa maana ya zamani. Leo hongo ni rushwa, lakini enzi za misafara ilikuwa ushuru wa wazi kabisa. Ukiingia Ugogo, kila mtemi anakutoza vitambaa na shanga ndipo upite na unywe maji ya visima vyake. Wazungu walilalamika sana kwenye vitabu vyao. Mimi baada ya usiku ule niko upande wa Wagogo. Nchi kavu, kisima cha kwako, wanakuja watu mia kadhaa wenye kiu. Kwa nini wanywe bure?

Kuanzia Dumila tulinunua nyanya na vitunguu, usiku wa nne tukalala Gairo na baridi lake la mwezi wa nane. Yule wa kwenye hema alitetemeka mpaka akahamia viti vya mbele. Wifi alirekodi video, ikapata watazamaji kuliko kitu chochote nilichowahi kuposti mimi maishani.

Kibaigwa, siku ya kusema

Siku ya tano, Kibaigwa, pale kwenye soko kubwa la mahindi. Tumepaki, jua kali, vumbi, nimebeba dumu kutoka bombani mita kama mia mbili, mkono unaniuma. Narudi namkuta bwana kajilaza kwenye godoro letu, miguu imening'inia mlangoni. Ananiangalia kwa mapenzi yote, anasema: "Mpenzi, chai vipi?"

Niliweka dumu chini. Sikupiga kelele. Nikamwambia, "Wewe unaendesha, nashukuru. Lakini ukizima gari kazi yako inaisha, na yangu ndiyo inaanza. Nikiolewa itakuwa hivihivi?"

Akasema, "Si ungeniambia tu?"

Hilo jibu, dada zangu mnalijua. Yaani hata kukumbuka kwamba kuna kazi, nayo iwe kazi yangu. Nikamwambia, "Kiu yako huwa nani anakwambia?"

Kutoka Kibaigwa mpaka Dodoma hakuna aliyeongea. Wifi naye kimya, kwa mara ya kwanza kaweka simu mkobani. Nikajisemea ndiyo hivyo, ripoti imeshaandikwa: mkwe mtarajiwa ana mdomo. Dodoma tukanunua zabibu barabarani, tukala bila ladha. Njia ya misafara ya zamani ilipita kusini zaidi, kwa Mpwapwa, ikakata nyika waliyoiita Marenga Mkali, maji machungu. Sisi maji yetu machungu tulikuwa nayo ndani ya gari.

Mgunda Mkali

Baada ya Manyoni na Itigi unaingia kipande ambacho wapagazi walikipa jina la Mgunda Mkali. Ni msitu na vichaka, maji ya shida, walivuka kwa mwendo wa mbio wakiogopa kiu. Siku hizi ni lami safi, unauza macho tu huku asali imepangwa kwenye chupa kando ya barabara. Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh, ndiyo Tabora hiyo, mwezi Novemba. Zaidi ya siku 130. Sisi siku ya saba tulikuwa tunahesabu saa.

Mkanda wa feni ukakatika. Saa kumi jioni, mtandao hakuna, injini inatoa moshi. Madumu yote mawili yamekauka maana wifi aliosha nywele Manyoni. Mbung'o wanatuuma kama wametumwa.

Lori likasimama. Dereva na utingo wake hata hawakuuliza sisi ni nani. Utingo akazama kwenye boksi la vyuma, akatoa mkanda wa zamani, akasema utawafikisha Tabora mkienda pole pole, lakini rejeta inataka maji. Kuna kijiji mbele kidogo, kina pampu. Mchumba akalala chini ya haisi na shati lake jeupe la ofisini, kushika tochi na spana. Mimi na wifi tukachukua dumu.

"Mbele kidogo" ya watu wa huku mnaijua. Tulitembea mpaka jua likashuka. Kurudi, dumu limejaa, tukapitisha mti kwenye mkono wake, wifi mbele, mimi nyuma. Kila baada ya hatua hamsini tunabadilisha bega. Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa akibeba kama frasila mbili, kilo thelathini na kitu, siku nzima, miezi mitatu. Sisi lita 20 kwa watu wawili tulikuwa tunataka kulia.

Tukapumzika. Wifi akacheka peke yake, kisha akasema, "Wifi, nikwambie kitu? Wewe unadhani Mama kanituma nikuchunguze."

Nikanyamaza.

"Hakunituma kwa ajili yako. Kanituma nimwangalie kaka. Alisema, mwanangu huyu nimemlea vibaya, tangu azaliwe hajawahi kuchota hata ndoo. Nenda ukaone kama anafaa kupewa mtoto wa watu. Kama hafai, nikwambie wewe kabla hamjafika kwa Bibi yako."

"Na unaniambia nini?"

"Ningekuwa na jibu Kibaigwa ningekwambia urudi Dar. Leo sijui. Tumpe mpaka Tabora."

Tulibeba lile dumu tukiwa ndugu. Kwa kweli sina neno lingine.

Tulipofika gari, mkanda ulishafungwa, utingo anafuta mikono. Mchumba uso mweusi kwa oili. Akaona tunakuja, akakimbia, akalipokea dumu kabla hatujamwambia. Akamimina kwenye rejeta, akawapa wale wazee wa lori hela wakakataa, wakakubali zabibu tu. Kisha akachukua madumu yote mawili, akasema, "Ninyi kaeni," akarudi njia ileile peke yake, gizani. Alikawia saa nzima na zaidi. Usiku huo tulioga sote. Chai alipika yeye, sukari ikazidi. Tukanywa.

Mtu yeyote anaweza kuwa mzuri jioni moja baada ya kusemwa, hilo nalijua. Nilichokuwa nasubiri ni asubuhi. Saa kumi na moja alfajiri nikasikia mlango unafunguliwa taratibu, ile ndoo yenye mfuniko ikatoka. Sikugeuka. Na kesho yake tena.

Cheyo

Siku ya nane tukaingia Tabora. Miembe mikubwa pande zote, kivuli mpaka unasahau mwezi wa nane. Wazee wanasema mingi iliota njiani kwa misafara, watu wakila embe na kutupa kokwa. Mji huu umebeba mengi: Mtemi Isike aliyejilipua na baruti mwaka 1893 kuliko kushikwa na Wajerumani, reli iliyofika 1912 na kuwapumzisha wapagazi, Nyerere akisoma sekondari, na mkutano wa TANU wa 1958 wa kura tatu. Lakini mimi nilikuwa na macho ya nyumba moja tu.

Bibi kakaa barazani, kanikunjia uso kama hanijui. Michembe inakauka juani kwenye mkeka.

"Shikamoo Bibi," mchumba akasema, amepiga magoti.

"Marahaba. Ndiye Mzaramo huyu? Umeniletea nini?"

Akatoa kanga, samaki wakavu na nazi mbili. Bibi akazitazama zile nazi, akazigonga moja kwa nyingine.

"Nazi mbili! Babu zangu wamebeba pembe mpaka kwenu, miguu imepasuka, mkawapa shanga. Leo mjukuu wangu unamtaka kwa nazi mbili?"

Mliokulia mbali na mambo haya: Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na utani huo wazee wanasema ulizaliwa kwenye njia hiihii ya misafara. Mnyamwezi kafika pwani hana ndugu, akiumwa au akifa nani atamzika? Wakafanya watani, na mtani ni mtu wa kukutukana mchana na kukuzika jioni. Kwa hiyo mchumba alijua Bibi hajakasirika. Akajibu, "Bibi, zile pembe nimeziuza zamani, hela nimekula. Nimekuja mwenyewe uniadhibu."

Bibi akacheka mpaka akakohoa. Halafu akanyamaza, akauliza kwa sauti nyingine kabisa: "Nimesikia mmelala njiani siku zote hizo. Maji ya kuoga alikuwa anachota nani?"

Wadau, naapa sikumwambia Bibi chochote. Wifi naye kaapa.

Mchumba akaangalia chini. Angeweza kudanganya, na mimi nisingempinga mbele ya Bibi. Akasema, "Mwanzo wao, Bibi. Kuanzia Itigi, mimi."

"Kwa nini Itigi?"

"Nilisemwa Kibaigwa. Ila Itigi ndiyo niliona."

Bibi akamtazama muda mrefu. Akanigeukia mimi: "Huyu hajaiva. Lakini hajadanganya." Kisha akaita kwa sauti majirani wote wasikie: "Njooni muone! Mzaramo kachota maji mpaka Unyamwezi! Zamani tulikuwa tunawabebea sisi!"

Siku ya tisa tulikwenda Kwihara, kilomita chache nje ya mji, kwenye tembe alilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Pale nje nikampa jibu langu. Nilimwambia ndiyo, na nikamwambia sababu ni zile asubuhi mbili ambazo hakuna aliyemwona, au alidhani hakuna. Na kwamba nikihesabu mwaka mzima bila asubuhi za namna hiyo, Cheyo napajua njia.

Haya, bei

Gari 120,000 kwa siku, siku 11 pamoja na mbili za kurudi, 1,320,000. Mafuta kama laki tano na nusu. Walinzi na maegesho elfu 60. Chakula laki mbili, asali ya Itigi haimo humo maana hiyo ni uroho wangu.

Beba mkanda wa feni wa akiba, tairi ya akiba yenye upepo, na madumu usiyaache yakauke. Usiendeshe usiku, na vijijini nenda 50, wazee wa tochi wapo. Usipaki mahali bila kuomba: sheli, misheni, au kwa mwenyekiti wa kijiji. Choo cha stendi kina bei, weka sarafu. Na kabla hamjatoka, andikeni kwenye karatasi nani anachota, nani anapika, nani anamwaga ndoo. Mbandike ndani ya mlango.

Haisi aliirudisha yeye na mdogo wake. Mimi nilibaki Cheyo wiki mbili kula michembe kwa karanga. Barua ya posa imefika juzi kwa basi, na Bibi kamwambia baba mkubwa aifungue.